Jirani Mwenye Bahari Dukani

Jirani yetu alikuwa na bahari dukani. Ilikaa juu ya meza ya mninga, katikati ya vitenge na mashuka, ndani ya tangi la kioo lililokuwa refu kuliko mimi nilipoanza shule. Mtu aliingia kutafuta kanga ya kumpelekea mama mkwe, akajikuta amesimama pale mdomo wazi, kanga ameisahau. Si kwamba sisi watu wa Kyela hatujui samaki. Ziwa Nyasa liko hapo chini, usipa tumelelewa nao, na mbasa akifika mezani hakuna anayeomba kufundishwa namna ya kumla. Lakini samaki wa kutazamwa tu, anayelishwa badala ya kuliwa, huyo alikuwa mgeni kwetu. Wateja kutoka Ikolo na Ndandalo walikuwa na swali moja tu: anapikwaje huyu?

Amefariki sasa, Mungu amrehemu. Nikija kumwona mama na kupita mbele ya duka lile, macho yangu bado yanaingia ndani yenyewe kuitafuta ile buluu. Nimemkumbuka sana mwaka huu, sijui kwa nini. Habari za alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi waulizeni wenyewe. Mimi nina yale niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu ua wetu na ua wake zilitenganishwa na uzio wa mabanzi, na mabanzi yale yalikuwa na nafasi za kutosha kwa mtoto mdaku.

Mwanzoni bahari ile ilikuja kwa basi. Binamu yake wa Dar es Salaam alichota maji ufukweni, akayajaza kwenye madumu, akayapakia kwenye buti. Siku moja dumu likavuja, likalowesha mizigo ya watu, na abiria mmoja akataka kujua ni maji gani yanayotolewa Dar kuletwa Kyela, mji unaonyeshewa karibu mwaka mzima. Konda akajibu kuwa ni maji ya bahari, ya yule mfanyabiashara wa vitenge. Maji ya bahari kwetu yanajulikana kazi yake, na kazi hiyo si kufuga samaki. Baada ya hapo kuna watu walioanza kumwamkia jirani kwa heshima iliyozidi kidogo, na wengine walivuka barabara mapema wakimwona anakuja. Yeye alifurahi sana. Mama alipomshauri awaeleze watu ukweli, alisema, "Waache, Mama Atu. Tangu waanze kuniogopa hakuna anayenipigia kelele dirishani."

Baadaye alijifunza kuchanganya mwenyewe, kwa chumvi ya paketi inayotengenezwa kwa ajili ya matangi. Kyela ina joto, maji yakipungua anaongeza. Hapo ndipo watu walipomwona amechanganyikiwa kabisa, maana alikuwa anaongezea maji ya mvua, aliyoyakinga kwenye pipa safi uani. Mke wake alimuuliza mbele yetu, bahari gani inayotiwa maji ya mvua? Kwa nini asiongeze ya chumvi, kama yaliyomo? Jirani akaweka mkono kiunoni, kama alivyofanya kila alipopata nafasi ya kufundisha. "Kinachopaa ni maji," alisema. "Chumvi haiendi popote. Ukiongeza ya chumvi juu ya ya chumvi, utawaua." Maneno hayo, kwamba chumvi haiendi popote, aliyarudia mara nyingi mpaka wanawe wakawa wanayamalizia kabla yake.

Kwa maneno alikuwa mtu wa pwani kamili. Ukimsikia anasifia bahari ungedhani ametoka humo jana, bado analowa. Kumbe pwani alifika mara chache za kuhesabika, na mara zote alirudi analalamika: wali wao haunukii kama wa Kyela, na mbu wao hawana adabu. Kuogelea hakujua. Tulipokwenda Matema na watoto wake alikaa kwenye mchanga amevaa soksi na viatu, akitutishia kwamba ziwa lile lina kina na sisi tuna akili ndogo. Kinyakyusa alikiongea vizuri kuliko mimi. Mama akimwamkia "Mugonile, jirani," anajibu "Ndaga, Mama Atu," halafu anaulizia mpunga, kakao, mguu wa bibi na kuku aliyeibwa, yote kwa Kinyakyusa. Lakini akigeuka kwa samaki wake anabadilisha, anawasemesha Kiswahili laini cha mababu zake wa pwani, eti hawajui lugha nyingine.

Na samaki wenyewe, jamani, walikuwa wakorofi. Mimi nilidhani uzuri unakwenda na upole. Kulikuwa na wadogo wa buluu, wa buluu inayoumiza macho, nikamwambia jirani kwamba hao ndio ninaowapenda. Alicheka. "Hao ndio majambazi," akasema. Siku hiyohiyo nikaona mmoja wao anamfukuza mwenzake mkubwa mara mbili yake, anamchana pezi, anamfuata mpaka pembeni. Wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walikuwa na nafuu, ila ukisogea karibu na kwao na wao wanakuja juu. Mkubwa wa wote alikuwa kikande, mwenye meno kama ya sungura na jicho linalozunguka peke yake. Jirani alimwita Mwenyekiti. Mwenyekiti alimng'ata jirani kidole siku anasafisha kioo, na jirani alitembea na kidole kilichofungwa kitambaa akiwaonyesha wateja kwa fahari, kama mtu aliyetoka vitani.

Kuwatuliza samaki wale ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko kuuza vitenge. Mgeni akiletwa hakumtupa tu ndani. Alikuwa na kontena la plastiki linaloonyesha ndani, lililotobolewa matundu kwa msumari wa moto, analoning'iniza ndani ya tangi. Mgeni anakaa humo kwanza, wenyeji wanamzunguka, wanamtukana kwa midomo yao, hawamfikii. Wakichoka, wanamzoea. Akitaka kumfungulia anawalisha kwanza wale wa zamani, upande wa mbali, wakashibe huko, halafu anafunika tangi zima kwa kanga ili wadhani usiku umeingia. Mkorofi akizidi, yeye ndiye anayeingia kontenani. Mwenyekiti alifungwa humo mara nyingi, na kila akitoka alikuwa na adabu ya muda mfupi, kama watu wote wanaotoka ndani.

Lakini dawa yake kubwa ilikuwa mawe. Kabla ya kumfungulia mgeni alikunja mikono ya kanzu, akaingiza mikono yote miwili, akapangua mawe yote. Pango la Mwenyekiti linageuzwa, ukuta wa wale wa buluu unabomolewa, kila kitu kinahamia upande mwingine. Mara ya kwanza nilipoona nilisikitika, nikasema anawaonea wenyeji, wao wamekosa nini? Akanijibu akiwa amelowa mpaka kwapani. "Anayepigana ni mwenye nyumba, Atu. Mgeni hana la kugombea. Ukitaka wakae pamoja, hakikisha asubuhi hakuna hata mmoja anayejua kwake ni wapi." Kweli, kwa muda walizunguka wote wakishangaa, mgeni na mwenyeji, kila mmoja akitafuta pa kulala. Ilipofika jioni kila mmoja alishapata pake.

Alikuwa mpole kwa watu wa nje kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kuna mvuvi wa Mwaya, mteja wake, alisikia kwamba jirani anapenda samaki wazuri na wagomvi. Basi akamletea zawadi: samaki wanaoishi kwenye mawe ya ziwani, wenye mistari, ndani ya ndoo. Akakuta jirani yuko msikitini. Mvuvi kwa ukarimu wake hakutaka samaki wateseke kwenye ndoo, akawamimina mwenyewe tangini. Alikuwa mtu wa ziwa, maji kwake ni maji. Jirani aliporudi akawakuta wamelala ubavu, wanahema kwa shida, na mvuvi amesimama pembeni anatabasamu akingojea kushukuriwa. Nilikuwepo. Jirani aliangalia tangi, akamwangalia yule bwana, akasema, "Ndaga fijo, ndugu yangu, asante sana. Umenikumbuka." Akamkatia kitenge cha kumpelekea mkewe. Mvuvi alipoishia kwenye kona ndipo jirani alipokaa chini na kutoa maneno ambayo mtu aliyetoka kuswali hapaswi kuyatoa.

Kwa hiyo nielezeni nyinyi, mtu wa namna hii aliwezaje kumfanyia mdogo wake vile.

Mdogo wake alivuka mpaka wa Malawi akiwa kijana, akafanya biashara Karonga, akaoa huko, akapata watoto huko. Baada ya miaka mingi akarudi Kyela na familia yake yote. Duka lilikuwa la baba yao, na nyumba ni ya wote wawili. Asubuhi ya kwanza kaka yuko msikitini, mdogo akafungua mlango wa duka, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yao: kiti cha mikono, kinachowekwa mlangoni, kutazama barabara iendayo Kasumulu. Alikaa kama mtoto wa nyumbani anavyokaa. Jirani akarudi, akasimama mbele yake, na badala ya salamu akasema, "Hapo nakaa mimi."

Hayo tu. Ningeweza kuwatafutia kisa kikubwa zaidi, lakini hakipo. Mdogo akasimama. Akaambiwa atapewa upande wa nyuma, chumba kinachotazama uchochoro, auze huko. Alikubali mwezi huo, mwezi uliofuata akasema uchochoroni hapiti mtu, sauti zikapanda, yakasemwa mambo kuhusu nani alimuuguza baba na nani alikuwa Malawi anakula starehe. Mwishowe fundi aliitwa, ukapigwa ukuta wa mbao katikati ya duka. Upande mmoja jirani, vitenge, kiti na bahari. Upande wa pili mdogo wake na ndoo za plastiki na sufuria, na mlango mwembamba alioutoboa mwenyewe. Ijumaa walikwenda msikiti mmoja, safu tofauti. Hawakupeana hata salamu, na salamu kwetu hata adui anapewa.

Wake zao hawakuwa na ugomvi, ila hawakuthubutu kupita mlango wa mbele. Basi wakatumia jiko letu. Ua wetu ulipakana na nyua zao zote mbili. Sikukuu ya Iddi ikifika, mke wa jirani anampa mama sahani ya pilau juu ya uzio huu, "hii ya wenzetu wa kule," na mama anaivusha uzio wa pili. Baada ya muda mfupi inarudi na biriani, au vitumbua, kwa sababu sahani hairudishwi tupu. Sisi ni Wakristo, Iddi haituhusu, lakini hakuna nyumba Kyela iliyoila kama yetu. Mama alikuwa anatoza ushuru. Nakiri kwamba sisi watoto tuliomba wasipatane kamwe.

Mama ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia jambo lile usoni. Nilikuwa nimeshakua, nimeanza kujifunza kushona, tumekwenda kununua kitambaa. Tukamkuta amelowa, anapangua mawe kwa ajili ya mgeni mpya, anamweleza mteja ile habari yake ya mwenye nyumba na mgeni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Nyuma ya ule ukuta wa mbao tulimsikia mdogo wake akikohoa.

"Ee jirani," mama akasema, "samaki unawapangia mawe vizuri fijo. Huyu wa nyuma ya mbao ulimpangia nini?"

Sijawahi kuona uso unajikunja haraka hivyo. Alikata kitambaa chetu, na kwa muda mrefu baada ya hapo alimjibu mama salamu kwa neno mojamoja. Nilimchukia kidogo wakati ule. Nilimpenda sana yule mtu, na niliona aibu kwa niaba yake, kwamba samaki wa kununua anawajua na ndugu yake hamjui. Mama hakujuta. Alisema tu, "Yeye mwenyewe si anasema chumvi haiendi popote?"

Nikahamia Mbeya, nikafungua kibanda changu cha cherehani. Nikija Kyela nilimsalimia jirani, alinikatia vitenge vizuri na kuniuliza kama huko kwenye baridi wanajua kuvaa. Alizeeka. Mwenyekiti naye alikufa, akaletwa kikande mwingine, akarithi cheo. Ukuta wa mbao ulipakwa rangi.

Halafu Ramadhani moja mama akanipigia simu, sauti yake haikuwa nzuri. Mke wa mdogo wa jirani alikuwa amekuja uzioni na sahani. Si moja: sahani zote za mke wa jirani zilizobaki kwake kwa miaka yote ile, zimeoshwa, zimefutwa, zimepangwa juu kwa juu, na ndani hakuna kitu. Alimwomba mama azivushe. Walikuwa wanarudi Karonga baada ya sikukuu, na safari hii moja kwa moja. Mume wake alishaanza kuuza sufuria kwa bei ya kutupa. Yule mama alikuwa analia.

"Ukazivusha?" nikamuuliza.

"Uzioni sikwenda," mama akasema. "Nimepita mlango wa mbele. Nimempangia jirani pale juu ya meza yake, moja moja, azione zilivyo tupu. Nikaondoka. Sikusema neno, Atu. Ningesema nini?"

Nilifunga kibanda nikaja. Nilifika siku moja kabla ya Iddi, nikaenda moja kwa moja dukani. Vitu vyote vilikuwa nje barabarani: marobota ya vitenge, ndoo, sufuria, mashuka, makabati. Nikajua wameondoka, au ndio wanaondoka, na kwamba nimechelewa kuja kuwaaga. Nikasogea mlangoni. Jirani alikuwa ndani, amekunja suruali mpaka magotini na fulana imelowa jasho, anang'oa misumari. Ukuta wa mbao ulikuwa umeshalala chini. Upande wa pili wa kabati kubwa, akiwa amelishika kwa mikono miwili, alisimama mdogo wake.

"Lete huku," jirani alisema.

"Huku wapi? Hapa patakuwa na giza."

"Giza gani? Mlango huo hapo!"

"Kaka, mimi nimeuza sufuria miaka yote, najua mteja anapotazama."

Walikuwa wanagombana kwa sauti ya juu, na sijawahi kusikia ugomvi mtamu kama ule. Meza ya kuuzia ilikuwa imehamia ukuta wa kushoto. Mlango mwembamba wa mdogo ulishapigiliwa mbao. Tangi lenyewe walikuwa wamelihamisha, wamelitoa maji nusu na kulisogeza wote wawili mpaka kwenye kona ambayo haikuwa ya yeyote, na samaki walikuwa wanazungukazunguka humo wakishangaa.

Jirani aliponiona aliweka nyundo chini, akaja mlangoni. Alinipa mkono uliojaa vumbi. Alikonda, na niliona namna pumzi inavyomsumbua.

"Mama yako aliniuliza swali zamani," akasema.

"Nalikumbuka. Ulikasirika."

"Nilikasirika kwa kuwa nilikuwa na jibu. Nilidhani nimempangia. Nilimwambia aende nyuma, nikampa chumba, nikampigia ukuta asisumbuliwe." Akaangalia ndani, ambako mdogo wake alikuwa anavuta kabati peke yake kwa ukaidi. "Nilimhamisha yeye tu. Mawe yangu mimi sikuyagusa hata moja." Akafuta macho kwa bega la fulana, bila kujificha. "Zile sahani, Atu. Zilikuwa safi mno."

Nikashika upande mmoja wa robota la vitenge, tukaliingiza ndani, na nilipomuuliza liwekwe wapi akasema tumuulize mdogo wake.

Siku ya Iddi mama aliamka mapema, akafagia jiko, akasimamisha kigoda karibu na uzio kama kila mwaka. Nilikaa naye. Kwa kawaida zilikuja harufu mbili, ya pilau upande huu na ya biriani upande ule. Siku hiyo ilikuja moja, nzito, kutoka moto mmoja. Jua likapanda, na hakuna sahani iliyopita juu ya uzio, wa huku wala wa kule. Mama alikuwa anafurahi na huku amenuna.

"Basi ushuru umekwisha," akasema. "Bandika maji ya ugali."

Ndipo kichwa cha jirani kilipochomoza juu ya mabanzi, na kofia yake mpya. "Mama Atu, mbona mmejikalia? Leo hakuna wa kuwaletea. Njooni mle huku."

Tuliingia kwa mlango wa mbele. Wote walikuwa wamekaa chini, kwenye mikeka, katikati ya duka lile lililogeuzwa, wake zao, watoto wao, wajukuu, na masinia mawili katikati. Kiti cha baba yao kilikuwa pembeni ya tangi, kitupu. Niliwaona ndugu wale wawili kila mmoja anavyokikwepa kwa macho. Mama akasimama mlangoni akiangalia huku na huku.

"Tunakaa wapi?" akauliza.

"Popote," jirani akasema. "Leo hakuna mwenye pake."

Mama akavua ndala. Akapita katikati ya watoto, akapita masinia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti, akakaa, akaegemea vizuri na kupanga kitenge chake magotini. Ndugu wale walimtazama, kisha wakatazamana.

"Haya," mama akasema. "Nyama iko wapi?"